Mpe bibi sauti kabla ya swali
Nimelipata hili Jambiani, kijiji cha pwani huko Unguja, Zanzibar. Ukienda kwa bibi kuuliza habari za zamani, baada ya shikamoo usikimbilie maswali. Mwekee kwanza sauti uliyorekodi kwa simu ya makumbi ya nazi yakipigwa ufukweni kupata nyuzi za kamba, dakika moja tu, msikilize nyote kimya. Mikono yake itaanza kufuata pigo, na hapo ndipo atakapokutajia nani alifukia makumbi wapi, kamba zilikwenda kwa nani, na mambo yalivyogeuka kilimo cha mwani kilipoanza mwaka 1989. Swali humfanya atafute jibu la kukuridhisha. Sauti humrudisha pale pale. Vitabu vimejaa karafuu na masultani, kazi za wanawake hawa zimo humu masikioni. Kusi ikivuma, ivishe simu soksi unaporekodi, ama sivyo utapata upepo mtupu. Barazani pakijaa watu haifai, atanyamaza.