Somo: Noti za lekcha bila kuachwa nyuma

Wadogo zangu wa Tanga, kila likizo mnanifuata barazani Ngamiani na swali lile lile: "Dada, mbona lekcha inanipita?" Naandika mara hii moja.

Mkono wako hauna kosa. Mhadhiri hutamka maneno kama 120 hadi 150 kwa dakika, kalamu haifikishi hata 40. Tena msingi tumesoma kwa Kiswahili, chuoni anafundisha kwa Kiingereza. Kichwa kinasikiliza, kinatafsiri, kinaandika, vyote papo hapo. Kinachoangushwa kwanza ni kuelewa.

1. Usiku wa kuamkia lekcha pitia mada, uyazoee maneno mageni.

2. Kaa mbele.

3. Acha nafasi tupu upande wa kushoto wa ukurasa, ya maswali.

4. Ngoja hoja iishe, ndipo uiandike kwa maneno yako. Kiswahili ruksa.

5. Vifupisho. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wa kwanza wa sheria, "contract" niliandika "con", "consideration" nayo "con", "condition" vilevile. Darasani nilijua ipi ni ipi. Usiku wa kuamkia mtihani nikafungua daftari langu mwenyewe nisiweze kulisoma, nikapata sapu, yaani mtihani wa marudio. Kifupisho kimoja, neno moja, na orodha yake ikae ukurasa wa kwanza wa kaunta buku. USIBUNI kipya katikati ya lekcha. Kikikuponyoka, kiandike kwa kirefu pembeni kabla hujatoka chumbani.

6. Jaza mapengo siku hiyo hiyo. Ukingoja Jumamosi, umeshasahau.

MASWALI

Mgosi wa Pongwe: Si nirekodi tu na simu?
— Lekcha ya saa mbili inataka saa mbili nyingine kuisikiliza. Una kozi ngapi?

Chumbageni Boi: Ndefu hii. Nitumie madesa yako, zile noti zako za zamani.
— Soma hatua ya 5. Hayakunifaa hata mimi.

Binti Raskazone: Shikamoo dada. Naandika kwa kompyuta, nakamata karibu kila neno, lakini sibaki na kitu. Kwa nini?
— Marahaba mdogo wangu, umeuliza la maana. Mwaka 2014 huko Marekani, Mueller na Oppenheimer waliona wanaoandika kwa kompyuta hunakili zaidi maneno ya mhadhiri yalivyo, na kwenye maswali ya kuelewa walizidiwa na wa kalamu. Waliorudia jaribio baadaye hawakupata tofauti kubwa hivyo. Kwa hiyo kompyuta usiitupe, acha kunakili. Jaribu wiki moja: funga mashine, sikiliza dakika tano, kisha andika mistari mitatu. Uje uniambie.

Mgosi wa Pongwe: Na masika, mvua ikipiga bati hasikiki?
— Hapo nakili ubao, acha pengo, mfuate mhadhiri akitoka. Wengi hufurahi kuulizwa.

Binti Raskazone: Sisi tunabadilishana madaftari wawili wawili, kila mmoja anamjazia mwenzake.
— Hiyo sikuwahi kuijaribu. Mnabadilishana siku hiyo hiyo?