Jinsi ya Kusoma Bioteknolojia Katika Shule ya Ufundi ya Sekondari Jimboni Massachusetts

Mwaka 1977, mji wa Cambridge, unaotenganishwa na Boston na Mto Charles, ulipitisha sheria ya kusimamia utafiti wa kuunganisha vinasaba vya viumbe tofauti, wakati ambapo wakazi wake wengi walikuwa na hofu juu ya kazi hiyo. Sheria hiyo haikuwafukuza watafiti, bali iliwawekea masharti yaliyo wazi, na miaka michache baadaye kampuni ya Biogen ikafungua maabara yake mjini humo, ikafuatwa na nyingine nyingi, ikiwemo Moderna iliyoanzishwa mwaka 2010. Kampuni hizo haziendeshwi na wenye shahada za uzamivu peke yao. Kila maabara huhitaji watu wa kutayarisha vimiminika, kutunza seli, kuendesha mashine na kuandika kwa uaminifu kilichotokea, na ndiyo sababu baadhi ya shule za ufundi za umma za jimbo hilo, kama vile Minuteman ya Lexington, Assabet Valley ya Marlborough na Worcester Technical High School, hufundisha bioteknolojia, yaani ufundi wa kutumia seli na viumbe hai kutengeneza dawa na vitu vingine, kama zinavyofundisha useremala na umeme.

Mwongozo huu unamlenga kijana wa familia inayozungumza Kiswahili nyumbani, ambaye anakaribia kuingia darasa la tisa au ameshaingia katika fani hii na anataka kuisoma vizuri. Nimeshika pipeti, kifaa cha kuvuta na kupima vimiminika, kwa miaka kadhaa na nimewaelekeza vijana wengi waliokuja maabara kujifunza kazi. Nilichokiona ni kwamba anayefanikiwa si lazima awe yule aliyekariri sana, bali yule ambaye mkono wake na daftari lake vinaweza kuaminiwa na mtu mwingine.

Kabla ya kuchagua

Jina la shule ya ufundi huwachoma baadhi ya wazazi wetu, kwa sababu kwa miaka mingi huko nyumbani Afrika Mashariki lilimaanisha mahali pa kijana ambaye hakuchaguliwa kuendelea na masomo. Mzazi mwenye wasiwasi huo aelezwe kwamba shule hizi hazitozi ada, kwamba mhitimu hupata cheti cha sekondari kama wenzake wa shule za kawaida pamoja na cheti cha fani, na kwamba njia ya kwenda chuo kikuu haifungwi. Aelezwe pia kwamba shule inawajibika kisheria kuwasiliana naye kwa lugha anayoielewa, na anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Mtoto asifanywe mkalimani wa mikutano inayohusu maisha yake mwenyewe.

Maombi hufanyika mwanafunzi akiwa darasa la nane, na nafasi mara nyingi ni chache kuliko waombaji. Mahudhurio na nidhamu ya darasa la saba na la nane vinaweza kuathiri nafasi yako, kwa hiyo usingoje kuingia sekondari ndipo uanze kuwahi shuleni.

Katika mwaka wa kwanza wanafunzi hupita karakana mbalimbali, kila moja kwa siku kadhaa, kisha hupanga fani wanazozitaka. Ukifika zamu ya bioteknolojia, usivutwe na rangi zinazong'aa kwenye mirija peke yake. Angalia mambo mawili: kama unaweza kukaa dakika arobaini ukirudia tendo moja dogo bila kukasirika, na kama kukosea kwako kunakufanya utake kujua sababu. Anayependa matokeo ya haraka hupata tabu hapa, kwa kuwa bakteria hukua kwa kasi yao, wala hawana habari na kengele ya kwenda nyumbani.

Kuishi kwa wiki mbili

Katika shule nyingi za ufundi za Massachusetts, wiki moja ni ya karakana na inayofuata ni ya masomo ya darasani, yaani Kiingereza, hisabati, historia na sayansi. Kwa fani hii karakana ndiyo maabara yenyewe. Mpango huu una hatari yake: unapomaliza wiki nzima ya maabara, hisabati ya wiki iliyotangulia imeshaanza kufifia. Tenga nusu saa kila jioni ya wiki ya karakana kwa kurudia hisabati, na katika wiki ya darasani soma mara moja au mbili maelekezo ya jaribio linalokuja. Kukosa shule nako kuna gharama kubwa, kwa sababu siku moja ya maabara inaweza kuwa ndiyo siku ambayo seli zilihamishwa, na jaribio lote la siku nne zinazofuata litategemea kazi ambayo hukuifanya.

Mkono na pipeti

Kifaa utakachokishika kuliko vyote ni mikropipeti, ambayo Heinrich Schnitger aliibuni Ujerumani mwaka 1957. Kabla yake watafiti walikuwa wakivuta vimiminika kwa mdomo kupitia mrija wa kioo, hata vile vyenye sumu. Maabara za shule huwa na saizi tatu: ya hadi mikrolita 20, ya hadi 200 na ya hadi 1000, ambapo mikrolita 1000 ni sawa na mililita moja. Usiizungushe kamwe kupita kiwango chake cha juu, maana hapo kipimo chake huharibika bila dalili yoyote ya nje.

Utaratibu wake ni huu. Ivishe pipeti ncha mpya. Bonyeza kitufe hadi kizuizi cha kwanza, yaani pale kidole kinapohisi kukwama mara ya kwanza, ncha ikiwa bado hewani, kisha itumbukize milimita mbili au tatu tu ndani ya kimiminika, uachie kidole polepole. Ukiachia ghafla, hewa huingia na kipimo kinakuwa pungufu. Unapotoa, gusisha ncha kwenye ukuta wa mrija, bonyeza hadi kizuizi cha kwanza, halafu hadi cha pili ili tone la mwisho litoke, na uondoe ncha kabla hujaachia kitufe. Asiyezingatia tofauti ya vizuizi hivyo viwili atapima vibaya mwaka mzima huku akidhani tatizo ni vimeng'enya.

Njia bora ya kujipima haihitaji kemikali yoyote. Weka mrija mtupu juu ya mzani wa maabara, urudishe mzani kwenye sifuri, kisha utie mikrolita 100 za maji. Kwa kuwa mililita moja ya maji ina uzito unaokaribia gramu moja, mzani unapaswa kusoma karibu gramu 0.100. Rudia mara kumi na uandike kila namba. Ikiwa namba zako zimekaribiana lakini zote ziko chini, huenda pipeti inahitaji kurekebishwa. Ikiwa zimetawanyika, kidole chako ndicho kinachohitaji mazoezi. Fanya zoezi hili kila mwanzo wa muhula, hata kama mwalimu hajaliagiza.

Hisabati ambayo haikwepeki

Wanafunzi wengi hujikwaa kwenye kuzimua kuliko kwenye jambo jingine lolote. Kanuni ni moja: ukolezi wa mwanzo ukizidishwa kwa ujazo wa mwanzo hulingana na ukolezi wa mwisho ukizidishwa kwa ujazo wa mwisho. Tuseme unayo bufa, yaani kimiminika kinachozuia kiwango cha asidi kubadilika, iliyokolezwa mara 50 nawe unataka mililita 500 za ile ya mara moja. Gawanya 500 kwa 50, upate mililita 10 za bufa, na uongeze maji mililita 490. Mfano mgumu kidogo ni kutengeneza mililita 100 za alkoholi ya asilimia 70 kutoka ile ya asilimia 95: 70 mara 100, gawanya kwa 95, unapata takriban mililita 73.7, kisha unaongeza maji hadi ujazo ufike 100. Fanya hesabu hizi kwa kalamu kabla ya kugusa chupa, na umwombe mwenzako azihakiki. Kama kichwa chako huhesabu kwa Kiswahili, hesabu kwa Kiswahili. Kinachoandikwa daftarini ndicho kinachopaswa kuwa kwa Kiingereza.

Sahani nne

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ya shule ni lile la kuwapa bakteria wa E. koli jeni ya protini inayong'aa kijani, iliyotolewa kwa kiwavi-maji wa baharini aitwaye Aequorea victoria. Ugunduzi na uendelezaji wa protini hiyo ulituzwa Nobeli ya kemia mwaka 2008. Bakteria huwekwa kwenye barafu pamoja na kalisi kloridi na plasmidi, yaani duara dogo la DNA, wakahamishiwa kwenye maji ya nyuzi 42 za Selsiasi kwa sekunde 50, wakarudishwa kwenye barafu mara moja. Sekunde hizo 50 zihesabiwe kwa saa, si kwa kukisia.

Thamani ya jaribio hili imo katika sahani nne za mwisho. Ya kwanza ina chakula cha kawaida na bakteria wasio na plasmidi. Wakiota, umejua kwamba walikuwa hai. Ya pili ina bakteria walewale pamoja na dawa ya ampisilini; wakifa, umejua kwamba dawa inafanya kazi. Ya tatu ina dawa hiyo na bakteria waliopewa plasmidi. Watakaoota ni wale walioipokea, kwa sababu plasmidi hiyo imebeba pia jeni ya kuhimili dawa, lakini hawatang'aa. Ya nne imeongezwa sukari ya arabinosi inayowasha jeni ya protini, na makundi yake hung'aa kijani chini ya taa ya urujuanimno. Kabla ya sahani kwenda kwenye kitotoleshi, yaani kabati la joto la kukuzia bakteria, andika unachotarajia kwa kila moja na sababu yake. Kama sahani ya pili ikiota bakteria, usitazame ya nne kwa furaha, kwa maana huwezi tena kudai kwamba dawa ndiyo iliyochuja. Anayeweza kueleza sahani hizi bila kusoma popote ameshaelewa kwa nini jaribio huwekewa ulinganisho, na somo hilo litamsaidia hata atakapofika kwenye PCR, yaani njia ya kunakili DNA mara nyingi, na kwenye jeli ya kutenganisha vipande vyake.

Daftari

Andika kwa kalamu ya wino, kurasa zenye namba, tarehe juu ya kila ukurasa. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili kilichokuwepo kisomeke, kisha unaweka herufi za jina lako na tarehe. Usichane ukurasa, usifute kwa rangi nyeupe, wala usiandike kwenye kipande cha karatasi ili unakili baadaye. Katika viwanda vya dawa kazi ambayo haikuandikwa huhesabiwa kuwa haikufanyika, hata kama watu kumi waliiona, na shehena nzima inaweza kukataliwa kwa sababu ya saa moja isiyokuwa na maandishi. Andika pia namba ya toleo la kila kemikali, na ukimwaga mrija, andika kwamba umeumwaga. Nimewahi kuona kijana akificha mrija uliodondoka, na kundi lake likapoteza siku tatu kutafuta kosa ambalo mstari mmoja ungelieleza.

Mambo ya usalama ni mafupi: koti, miwani na glavu kila wakati, hakuna chakula, meza husafishwa kabla na baada ya kazi, na taka zenye bakteria hupitia kwenye mashine ya kutakasa kwa mvuke wa nyuzi 121 za Selsiasi kabla ya kutupwa.

Darasa la kumi na moja na la kumi na mbili

Mwanafunzi anayefanya vizuri anaweza kuruhusiwa kutumia wiki zake za karakana kwenye kazi halisi yenye malipo, chini ya mkataba kati ya shule, mwajiri na mzazi. Muulize mwalimu mapema ni masharti gani yanatakiwa. Uliza pia kama shule yako hutoa mtihani wa BACE, unaosimamiwa na kituo cha Biotility cha Chuo Kikuu cha Florida kwa ajili ya mafundi wasaidizi wa bioteknolojia, na kama ina makubaliano na chuo chochote cha kutambua masomo ya maabara uliyokwisha kuyafanya. Tangu mwaka 2024 vyuo vya jamii vya Massachusetts, kikiwemo Quinsigamond cha Worcester chenye fani hii, havitozi ada kwa wakazi wa jimbo wanaotimiza masharti, moja likiwa ni kujaza fomu ya msaada wa masomo kwa wakati.

Utakapoitwa kwenye usaili wa kazi, uliza kwanza kama unaruhusiwa kubeba daftari lako. Ukiruhusiwa, usifungue ukurasa ulio safi kuliko yote. Fungua ule ambao jaribio lilikataa, umwonyeshe mwajiri mahali ulipoona dalili, hatua ulizorudia moja baada ya nyingine, na tarehe ulipopata jibu.