Kununua vitu Fes bila kupotea wala kupunjwa: hatua kwa hatua

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaoenda Moroko ni hili: nitajie duka zuri la mikoba kule Fes. Huwa sitaji duka. Fes el-Bali, ule mji mkongwe ulioanza mwishoni mwa karne ya 8 na ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 1981, haujapangwa kwa maduka. Umepangwa kwa kazi. Wanaofua shaba wana uwanja wao, maseremala wana wao, wauza viungo wana mtaa wao, na wanaotengeneza ngozi wamewekwa karibu na mto kwa sababu ya maji na harufu. Ukishaujua mpangilio huo, duka utalipata mwenyewe, na bei utaijua kabla hujaambiwa.

Mimi hununua ngozi, vyombo vya shaba na viungo kidogo kwa ajili ya biashara. Mpangilio ninaoufuata ni huu.

Hatua ya 1: Chagua siku

Ijumaa iache. Kufikia mchana maduka mengi ya ndani yamefungwa, watu wameenda kuswali na kula kuskusi nyumbani. Siku nyingine fika saa tatu au saa nne asubuhi, mafundi wakiwa wameanza kazi na makundi ya watalii bado yako hotelini. Saa ya Moroko iko nyuma ya ya kwetu Afrika Mashariki kwa saa mbili, na mwezi wa Ramadhani huwa tatu, kwa sababu wenyewe huirudisha saa yao nyuma mwezi huo. Ukinunua Ramadhani, jua asubuhi imekufa na uhai unarudi baada ya futari.

Hatua ya 2: Vunja noti

Noti kubwa ni ya dirhamu 200, na ukiitoa kwa kitu cha dirhamu 15 utaambiwa chenji hakuna. Badilisha pesa benki, kisha nunua maji na mkate hadi uwe na noti za 20 na sarafu za kutosha. Usibadilishe nyingi kupita mahitaji, maana dirhamu ni vigumu kuibadilisha ukishatoka nje ya nchi.

Jambo moja linawachanganya wageni: wazee na wauza sokoni bado wanahesabu kwa riali, na riali 20 ni dirhamu moja. Mtu akikuambia mia tano kwa kilo ya kitu cha kawaida, usimake. Muulize, dirhamu au riali? Mia tano ya riali ni dirhamu 25.

Hatua ya 3: Ingia juu, shuka chini

Ingia kwa Bab Bou Jeloud, lango lililojengwa mwaka 1913, buluu upande wa nje na kijani upande wa ndani. Hapo kuna njia kuu mbili, Talaa Kebira na Talaa Seghira, na zote zinateremka kuelekea msikiti wa al-Qarawiyyin. Mji umekaa kama bakuli. Ramani ya simu itakusaliti kwenye vichochoro, kwa sababu kuta ni ndefu na njia nyingine zimefunikwa juu, lakini mteremko haudanganyi: ukishuka unaelekea msikitini na mtoni, ukipanda Talaa unarudi langoni. Mimi simu naiweka mfukoni kabisa.

Gari haliingii humo. Mizigo inabebwa na punda na baghala, na mwenye mnyama hupiga kelele "Balak!", yaani pisha. Ukisikia, usigeuke kwanza kutazama. Jibandike ukutani, mkoba mbele ya tumbo, kwa sababu mnyama anaweza kuwa amebeba mitungi ya gesi au rundo la ngozi mbichi zinazodondosha maji, na upana wa njia ni wake yeye.

Papasi, wale wanaojipachika kuwaongoza wageni, wapo kama walivyo Unguja. Atakuambia njia uliyoishika imefungwa, au kwamba leo ni siku ya mwisho ya maonyesho fulani. Mjibu "La, shukran" ukiwa unatembea, na usisimame. Ukitaka mtu wa kukuongoza, mtafute aliyesajiliwa, mwenye kitambulisho, na mkubaliane saa na malipo kabla ya kuondoka. Ila ujue, mwongozaji anapokupeleka dukani mara nyingi ana fungu lake kwenye bei utakayolipa.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza uliza tu

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko ujanja wowote wa kupatana. Chagua vitu vitatu unavyovitaka kweli. Uliza bei ya kila kimoja, "Bshhal?", kwenye maduka manne au matano, shukuru, ondoka. Usitaje bei yako hata ukibanwa. Jioni utakuwa na picha kamili. Miji mikubwa pia ina vituo vya mafundi vya serikali viitwavyo Ensemble Artisanal, bei zimewekwa. Bei hizo si nafuu kuliko zote, lakini ni kipimo kizuri: ukiona sokoni unatajiwa mara mbili ya pale, unajua umekuwa mtalii.

Hatua ya 5: Ngozi

Nenda asubuhi Chouara, mahali ngozi zinapolowekwa na kutiwa rangi kwenye mashimo. Kuyaona yale mashimo unapanda kwenye baraza za maduka yanayoyazunguka, na mlangoni utapewa kitawi cha nanaa cha kunusa. Kipokee, utakihitaji. Kule chini ngozi zinalowekwa kwanza kwenye mashimo meupe, chokaa halafu kinyesi cha njiwa ambacho kinailainisha, ndipo zinahamia kwenye mashimo ya rangi, ambako wanaume wanasimama ndani hadi mapajani wakizikanyaga na kuzigeuza. Utaambiwa rangi zote ni za mimea. Rangi za viwandani zipo siku hizi, kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu ya maneno hayo. Aliyekupandisha mpe dirhamu 10 au 20, na hulazimiki kununua dukani kwake. Bei za kwenye baraza ndizo huwa za juu kabisa.

Mkoba ukiushika, fanya haya. Tazama ukingo uliokatwa: ngozi halisi ina nyuzinyuzi, ya plastiki ina tabaka safi ya plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa. Lowesha kidogo leso nyeupe, sugua upande wa ndani wa mkanda. Ikitoka na rangi, nguo yako nayo itapakwa. Vuta zipu mara kadhaa, kwa sababu kwenye mkoba wa Fes zipu hufa kabla ya ngozi. Muuzaji atawasha kiberiti na kuupitisha juu ya mkoba kukuthibitishia. Mwache afurahi, ila moto wa sekunde moja haukuambii mengi.

Balgha, vile viatu vyenye ncha ambavyo wanaume huvaa vya njano au vyeupe, vikunje soli. Soli ya ngozi inarudi polepole bila mstari. Yenye kadibodi ndani inaacha mkunjo, na mvua ya kwanza ndiyo mwisho wake. Harufu ya ngozi mpya haitaki manukato. Itundike penye upepo, kivulini, itaisha yenyewe baada ya muda.

Hatua ya 6: Shaba

Uwanja wa Seffarine utausikia kabla hujauona, nyundo tupu. Uko ubavuni mwa al-Qarawiyyin, msikiti ambao kuanzishwa kwake mwaka 859 kunanasibishwa na Fatima al-Fihri. (Asiye Mwislamu haingii, anachungulia mlangoni tu, na hiyo ndiyo desturi ya misikiti karibu yote ya Moroko.) Chukua sumaku ndogo kutoka nyumbani. Shaba nyekundu na shaba njano hazivutwi na sumaku. Sinia ikiganda kwenye sumaku, ni chuma kilichopakwa. Nunua kwa aliye na nyundo mkononi, na chombo cha kupikia hakikisha ndani kimepakwa bati.

Hatua ya 7: Viungo

Attarine ni mtaa wa kupita kwa furaha na kununua kwa uangalifu. Bizari ya pilau na nanaa kavu hazina shida. Zafarani ndiyo yenye mchezo. Omba uzi mmoja, uweke kwenye maji baridi: halisi inatoa njano taratibu na uzi unabaki mwekundu, ya bandia inamwaga rangi papo hapo na uzi unapauka. Ukiutafuna ni mchungu kidogo. Ukiwa mtamu, rudisha. Ya unga usiiguse kabisa.

Hatua ya 8: Patana

Bei ukiitaja, imekufunga. Muuzaji akikubali na wewe ukaondoka, hapo umevunja adabu na atakuambia hivyo mbele za watu. Kwa hiyo taja tu ukiwa tayari kutoa pesa. Mimi huanza na theluthi hadi nusu ya alichosema, kutegemea nilichosikia siku ya kwanza, kisha napanda kwa hatua ndogo. Chai ya nanaa kunywa, si mkataba. Kununua vitu viwili kwa mtu mmoja kunashusha bei kuliko kubishana juu ya kimoja. Na zikibaki dirhamu tano kati yenu, zitoe.

Hatua ya 9: Toka kwa R'cif

Ukiwa na mzigo usipande tena hadi Bou Jeloud. Kutoka Seffarine teremka dakika chache hadi uwanja wa R'cif, ambako teksi ndogo nyekundu zinasubiri. Mwombe dereva awashe mita kabla hujafunga mlango. Baada ya saa mbili usiku nauli inaongezwa nusu, na hiyo ni halali, hajakuibia. Teksi hizo zinachukua abiria watatu tu, kwa hiyo mkiwa wanne tafuteni mbili, mzigo mkubwa ufungwe juu ya paa.