Anza na vyombo, majina yatafuata
Ukitaka kuandika habari za ukoo, usianze na orodha ya majina. Mimi hapa Lamu nilianza na kasha la bibi. Nikamuuliza, misumari hii ya shaba aliipiga nani? Akataja watu ambao sikuwahi kuwasikia.

Henry Ford, yule wa magari, alipenda sana vitu vya kale. Mamake, Mary, alifariki 1876, yeye ana miaka 12. Mwaka 1919 akaanza kuikarabati nyumba yao ya Michigan, na uani wakachimbua vigae vya sahani za mamake ili zitengenezwe nyingine kama hizo.

Chombo kimoja, swali moja. Andika papo hapo. Na usisugue kabla ya kuuliza: nilisugua sinia, alama ya fundi ikafutika, bibi akaninunia siku mbili.