Maumivu yakizuka usiku: kwa wewe unayeuguza mgonjwa wa saratani nyumbani

Mgonjwa anayekunywa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kila baada ya saa nne anaweza kushinda vizuri mchana kutwa, halafu saa nane za usiku akaanza kuguna. Nyumba nzima inaamka. Mmoja anamchua mgongo, mwingine anatafuta diklofenaki iliyobaki kwenye pakiti, wa tatu anashauri asubiri dozi ya alfajiri. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, nazungukia wagonjwa majumbani upande wa Tanga, na ombi langu kwa ndugu ni hili: kabla hujashika chupa yoyote, muulize mgonjwa, na atakachokujibu ukiamini.

Kipimo chetu ni mkono. Ngumi iliyofumbwa maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja, yapo kidogo. Vidole vyote vitano, hayavumiliki. Hata aliyeishiwa na sauti anaweza kuinua vidole. Akikuonyesha vinne, andika vinne, hata kama jioni alikuwa akicheka na wajukuu. Wazee wengi hujikaza mbele ya watoto wao. Babu anakwambia "sijambo" huku ameng'ang'ania shuka kwa mikono miwili. Kwa huyo soma mwili: ndita usoni, mkono usiobanduka mahali pamoja, kukataa kugeuzwa.

Kisha uliza yalianza saa ngapi, yako wapi, na kama ni yale anayoyajua au ni mapya. Hapa msipite haraka, maana jibu ndilo linalochagua dawa. Yakiwa yanamjia kila mara muda mfupi kabla ya dozi, ujue dozi haifikishi saa nne, na muuguzi au daktari wake inabidi aipandishe. Yakija anapogeuzwa au kuogeshwa, dozi ya ziada itolewe nusu saa kabla ya kumgusa. Yakichoma kama moto au kumpiga shoti hadi mguuni, ni ya neva, yaani mishipa ya fahamu. Mofini peke yake mara nyingi haiyatoshi, na daktari huweza kuongeza amitriptilini ya usiku.

Ya tumbo yana mtego wake. Niliwahi kumkuta mama amejikunja ubavuni, ndugu wameshamwongezea mofini, na bado analia. Waliniambia anaharisha. Nilipomgusa, tumbo lilikuwa gumu upande wa kushoto chini; kinyesi kikavu kimeziba, na yale maji yalikuwa yakivuja pembeni yake. Kila mofini iliyoongezwa ilikuwa inazidi kumfunga. Karibu kila anayetumia mofini hufunga choo, kwa hiyo kama hukupewa dawa ya kulainisha choo pamoja nayo, rudi ukaidai. Uliza pia mkojo: kibofu kilichojaa kinaumiza vibaya sana.

Ukiridhika kwamba ni maumivu yake ya siku zote yaliyopanda, toa dozi ya ziada iliyoandikwa kwenye kadi yake. Kwa kawaida inalingana na dozi ya kila saa nne, lakini kadi ndiyo inayoamua. Soma lebo kwa tochi kabla ya kuvuta dawa kwenye bomba, kwa sababu mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti: kuna ya miligramu 5 katika mililita 5, kuna ya 10, na zipo kali zaidi. Chupa mpya isomwe upya. Andika saa, vidole na kiasi ulichotoa. Baada ya nusu saa hadi saa moja, muulize vidole tena. Dozi ya kawaida ibaki kwenye saa yake hata kama ametoka kunywa ya ziada. Wakati mnasubiri dawa ishike, mpangie mito, punguza watu chumbani, umwekee redio au kisomo anachokipenda.

Diklofenaki ya dukani iacheni mpaka daktari aseme. Inaweza kuchubua tumbo likatoka damu, na kuumiza figo ambazo tayari zina kazi.

Najua wengi mnaogopa asije akawa teja. Anayekunywa mofini kwa maumivu ya saratani, kwa kipimo na kwa saa, hatafuti ulevi. Anatafuta usingizi, na anastahili kuupata. Cha kuchunga ni kingine: akilala usiweze kumwamsha, au pumzi zikawa za taratibu sana, chini ya 10 kwa dakika, usimpe dozi nyingine, piga simu mara moja.

Yapo yasiyongoja asubuhi. Mgongo unaouma pamoja na miguu kulegea, ganzi, au mkojo kugoma: uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na akicheleweshwa anaweza asitembee tena. Mfupa ulioanza kuuma ghafla alipogeuzwa unaweza kuwa umevunjika, msimnyanyue ovyo. Vilevile homa kali, au tumbo gumu na kutapika mfululizo.

Unapompigia muuguzi, shika daftari mkononi umtajie vidole vya mwanzo na vya sasa, mahali panapouma, dozi ya mwisho na saa yake, nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, na siku aliyopata choo.