Umenunua RTX 50 na gemu za zamani zinakwama? Angalia PhysX

Wasee wa gemu, kama umejibamba na kadi ya grafiki ya NVIDIA, RTX ya 50 series, halafu Mirror's Edge ama Borderlands 2 inakwama kwama kioo kikivunjika, usikimbie kurudisha kadi dukani, haijaharibika. Hizo gemu zinatumia PhysX (teknolojia ya NVIDIA ya kuiga fizikia ndani ya gemu) ya bit 32, na hizi kadi za 2025 zilitoka bila sapoti ya CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kufanyisha kadi hesabu) ya bit 32, so kazi ya kuhesabu vile vipande vya kioo, moshi na kitambaa inarudi kwa CPU, na CPU hapo inahema tu hata kama ni ya bei.

Anza na draiva, weka ya karibuni kabisa juu kuna gemu kadhaa zimerudishiwa sapoti. Ikikataa ingia settings za gemu yenyewe uweke PhysX low ama off, utapoteza madoido kiasi lakini fremu zinarudi hapo hapo.

Na kama hutaki kupoteza kitu, na kesi yako iko na nafasi, tafuta GTX 1650 ya mtumba pale Luthuli Avenue, Nairobi, iwe kadi ya pili ya kazi ya PhysX tu, chagua ile model haina waya wa pawa, inakula watt 75 hivi kutoka kwa motherboard. Chomeka slot ya pili, fungua NVIDIA Control Panel, pale kwa PhysX chagua hiyo ndogo, waya wa skrini ubaki kwa ile RTX kubwa. GTX 1050 hata kama ni bei ya kutupa achana nayo, draiva mpya zishaacha kuisapoti.