Ndege ya kasi ya kwenye nyaya: nyaya, tangi, sindano na nguzo ya katikati

Kiangazi kilichopita nilimsaidia kijana wa Mombasa anayesoma Leicester, Uingereza, kurusha ndege yake ya kwanza ya daraja la F2A, yaani daraja la ndege za kasi za kwenye nyaya, pale Buckminster, mpakani mwa Leicestershire na Lincolnshire. Tulimaliza Jumamosi tatu. Mbili kati ya hizo ziliishia kwenye kosa ambalo mimi mwenyewe liliwahi kunila majira mazima, na bado sikulitambua mapema. Ndiyo sababu naandika hapa, kwa Kiswahili, ili anayekuja nyuma yetu asilipie tena.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: ni ndege ndogo ya mfano yenye injini isiyozidi sentimita 2.5 za ujazo, imefungwa kwenye nyaya mbili za chuma, nawe umesimama katikati umeshika mpini. Waya mmoja unainua pua, mwingine unaishusha, basi. Bawa la ndani ni refu, la nje karibu halipo. Hakuna magurudumu: inaondokea juu ya kitoroli kinachobaki chini, na inatua kwa tumbo. Zinazoshindania ubingwa wa dunia hukaribia kilomita 300 kwa saa, yaani mzunguko mmoja kwa sekunde 1.33. Hakuna aliyeitazama mara ya kwanza akaondoka bila kutamani kushika mpini.

Hatua ya 1: Nyaya

Kutoka kwenye mhimili wa mpini hadi kwenye mhimili wa propela ni mita 17.69. Namba hiyo ina sababu: duara lake lina mita 111 na ushee, hivyo mizunguko 9 ni kilomita moja kamili. Waya usiwe mwembamba kuliko milimita 0.40. Kila waya uwe wa uzi mmoja mgumu, si uliosokotwa. Uliosokotwa unakamata hewa zaidi, na kwenye mchezo huu nyaya zenyewe ni sehemu kubwa ya kinachokurudisha nyuma.

Kunja ncha kuzunguka kipete cha chuma, kisha uifunge kwa waya mwembamba wa shaba, mzunguko ukigusana na mzunguko. Usichomelee. Joto hulegeza chuma pale pale kinapobeba mzigo. Zivute kwa nguvu kabla ya kupima, si baada, kwa sababu waya mpya hurefuka kidogo na ncha zake hukaza. Zikipungua urefu, wapimaji watakurudisha. Zikizidi, unatembea njia ndefu kuliko wenzako bure. Waya ukipata kikunjo, hata kidogo kama kucha, utupe. Usiunyooshe.

Hatua ya 2: Mafuta

Katika F2A hakuna siri ya mafuta: methanoli asilimia 80 na mafuta ya nyonyo asilimia 20, kwa kila mtu. Ni nyonyo hiyo hiyo bibi zetu walitupaka. Inalainisha hata injini ikiwa ya moto kiasi cha kuunguza mafuta mengine mengi, na mimi sitaki hata kusikia habari ya kuibadilisha na ya kiwandani ati kwa sababu inaacha utando. Utando unasafishika.

Methanoli ni sumu, na moto wake hauonekani mchana. Weka ndoo ya maji karibu. Ukiona hewa inacheza juu ya meza kama juu ya lami ya jua kali, usisogeze mkono.

Hatua ya 3: Tangi (soma yote, tafadhali)

Jumamosi ya kwanza injini ya kijana iliwaka vizuri kabisa. Alipofungua mafuta kidogo kwa sindano, ile skrubu nyembamba inayopima mafuta yanayoingia kwenye kabureta, ikawa inaguguma kwa unene, yaani kwa mafuta mengi, kama inavyotakiwa kabla ya kuruka. Tukairusha. Ikapanda kasi, sauti ikawa nyembamba, tukatabasamu, kisha ikakata kama mtu aliyezibwa mdomo. Ikapunguza mwendo, ikapona, ikapanda tena, ikakata tena. Mara nne hivyo mpaka mafuta yakaisha. Tukafungua sindano zaidi: ikaruka imejaa mafuta, nzito, haikupanda kabisa. Tukabana kidogo: ikaunguza plagi, ile yenye waya mdogo unaowasha mafuta ndani ya silinda. Tukabadilisha plagi, propela, mrija, chujio. Akaniambia, "Kaka, chini inaimba, juu inakohoa." Na mimi, baada ya miaka yote hii, nikaendelea kuishika sindano.

Tatizo halikuwa sindano.

Fikiria kinachotokea kwenye duara. Kwa kilomita 300 kwa saa kwenye mita 17.69, kila kitu ndani ya ndege kinatupwa upande wa nje kwa nguvu mara 40 ya uzito wake. Ndege ya gramu 500 inakuvuta mkono kwa uzito wa kilo 20. Mafuta nayo yanatupwa vivyo hivyo. Tangi likiwa upande wa nje kuliko tundu la kabureta, mafuta yanatakiwa kupanda mlima ili yafike, na kila sentimita ya mlima huo inakuwa kama sentimita 40. Jaribu mezani: shusha tangi sentimita 40 chini ya kabureta uone kama injini itanyonya.

Tangi la kijana lilikuwa limekaa milimita 8 nje. Milimita nane, unene wa kalamu ya risasi. Kwa kilomita 200 kwa saa mlima huo ni sawa na sentimita 14, injini inavumilia. Kwa 250 unafika sentimita 22, injini inakauka na kukata. Ikikata, kasi inashuka, mlima unapungua, mafuta yanarudi, inapona. Ule mwendo wa kupanda na kukata ulikuwa unatuambia kila kitu, na tuliuona mara nne mbele ya macho yetu.

Kwa hiyo pima kabla hujafunga kifuniko. Lakini usipime ukuta wa tangi. Kama tangi lako lina mrija wa hewa ulioingia ndani, mdomo wa mrija huo ndio unaohesabika, kwa sababu hewa inaingilia pale na presha inaanzia pale. Mdomo huo uwe sawasawa na tundu la kabureta, au uingie ndani milimita moja. Ukiingia ndani zaidi, utapata ugonjwa wa upande wa pili: injini itajaa mafuta kadiri inavyoongeza kasi, nayo haitafika popote. Mrija wa kunyonya uwe kwenye kona ya nje kabisa, nyuma, ambako tone la mwisho litakimbilia. Kama tangi lako halina mrija wa ndani, basi uso wa mafuta wenyewe unasogea nje kadiri yanavyopungua, na mchanganyiko wa mafuta na hewa unazidi kukauka, yaani kupungukiwa mafuta, mpaka mwisho. Litupe hilo tangi.

Angalia pia vipovu. Jaza kwa sindano ya hospitali taratibu, ndege ikiwa imelazwa upande wa nje chini, mpaka mafuta safi yatoke kwenye mrija wa hewa. Mrija wenye tundu dogo kama ncha ya pini hauvuji chini, lakini hewani unanyonya hewa. Uzamishe majini, uupulize.

Mimi siku hizi situmii tangi gumu kwa anayeanza. Natumia puto la mpira. Puto likijaa linasukuma mafuta kwa presha kubwa mara kadhaa kuliko ule mlima wa sentimita 40, hivyo makosa ya milimita chache hayakuui. Lina adha zake: linahitaji kibanio mpaka sekunde ya mwisho, la sivyo linajaza injini, na mpira unachoka, ubadilishe mara kwa mara. Wapo mabingwa wanaolikataa, na sababu zao ni za kweli. Kwa mtu ambaye bado anajifunza kusikiliza injini, puto linamwondolea swali moja kubwa.

Jumamosi ya tatu tulikata ubao, tukaingiza tangi milimita 8, hatukugusa kitu kingine. Ilipanda, sauti ikawa nyembamba, ikabaki pale.

Hatua ya 4: Bomba na sindano

Bomba la ekzosi linarudisha wimbi la moshi kwenye silinda kwa wakati wake, na injini ikiingia kwenye wakati huo inapata nguvu mpya kabisa. Bill Wisniewski wa Marekani alilileta kwenye mashindano ya dunia ya 1966, mkoani Lincolnshire, pale Swinderby, akashinda. Bomba fupi linataka mizunguko mingi zaidi, refu michache. Anza na refu. Fupisha nusu milimita kwa ruko, si zaidi.

Sindano: ruka ukiwa na mafuta mengi. Chini propela ya panga moja haishiki hewa vizuri, injini inalemewa; hewani inapata wepesi, inapanda, na mchanganyiko unakauka wenyewe. Ukiiweka tamu, mafuta na hewa sawia, ukiwa chini, utaiunguza juu. Geuza kwa robo ya robo ya mzunguko, na uandike.

Kuwasha sina la kueleza.

Hatua ya 5: Nguzo

Funga kamba ya usalama kwenye kifundo cha mkono kabla ya kugusa mpini. Usirushe popote penye nyaya za umeme karibu, wala mawingu ya radi yakionekana, hata kwa mbali.

Ndege ikishatulia unaingiza mkono kwenye uma ulio juu ya nguzo ya katikati, ili usiweze kuivuta kwa mkono kuiongezea kasi. Hapo unazunguka nguzo kwa hatua fupi za haraka, macho kwenye ndege tu. Ukitazama uzio wa nyuma yake utapata kizunguzungu. Jizoeze nyumbani na fimbo iliyosimikwa ardhini, mizunguko 15 bila kuyumba, kila asubuhi kwa wiki mbili. Kijana alianguka siku ya kwanza na ya pili. Siku ya sita alimaliza yote akasimama wima.

Ikitua, usikimbilie kuisafisha. Toa plagi kwanza, tazama waya wake. Ukiwa unang'aa na umenyooka, mafuta bado mengi. Ukiwa wa kijivu hafifu, umefika. Ukiwa umepinda au una vijipele, fungua sindano kabla ya ruko linalofuata, uandike umeifungua kiasi gani.